Aliyembebea Yudithi Kikapu

Kaneza mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa mabinti wa jirani, na mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, daftari lako la zamani liko magotini. Hutarudi upesi. Nywele zako ni nyingi, umezitoa kwa baba yako, na mabinti wale wanasuka kwa mdomo zaidi ya mikono. Nina muda mpaka jua lipungue. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka kama njia za kwetu milimani. Usicheke. Au cheka, lakini usome mpaka mwisho.

Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kutokaa dirishani garini, nimeyasema tangu juzi mpaka ukaniambia, "Mama, we unanichosha." Siyarudii. Nakuandikia neno ambalo mdomo wangu umelikataa miaka kumi. Labda mkono utakubali.

Kesho utalala Gitega, kwa Spesioza, unayemwita Tantini kama shangazi wa damu. Hata kuliandika jina hilo kunanipa uzito, kwa hiyo nianzie hapo hapo. Mwanangu, mimi namwonea wivu mwanamke yule. Wivu huu si wa jana. Nimeulea pamoja na wewe, nyote wawili mmekulia kwenye nyumba hii, na sijui ni nani kati yenu amekula zaidi.

Barua zake unazisoma mara tatu, kisha unazikunja na kuziweka chini ya mto. Ukitembea unarudisha mabega nyuma kama yeye, wakati alipoondoka ulikuwa bado mtoto. Nani alikufundisha mabega yale? Mwezi uliopita aliponiandikia kwamba shule ya wauguzi haiko mbali na nyumba yake, na kitanda kipo, alimalizia hivi: "Niletee mtoto wetu." Wetu! Nilisoma neno hilo nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji. Nikarudi nikasema ndiyo, kwa sababu shule ile umeililia mwaka mzima na mimi Gitega sina mtu mwingine. Nilisema ndiyo meno yakiwa yamefungwa. Uliona tu kwamba nimekubali, ukanirukia shingoni.

Sasa, hadithi ya siku ile ya mvua unaijua. Umeisikia kwa baba yako, Mungu amlaze pema, aliyeisimulia kwenye kila ubatizo na kila kilio, akisimama na kuonyesha kwa mikono. Unaijua kama watu wote wanavyoijua. Leo isikie kwa aliyebeba kikapu.

Tulikaa Buterere wakati ule, nyumba sita kwenye ua mmoja, mashamba ya mpunga mlangoni. Vita vilipoingia mitaani, vijana waliweka barieri, kizuizi cha magogo, kwenye daraja dogo. Njia ya kwenda mjini ilikuwa hiyo tu, maana mvua zilikuwa zimejaza mashamba mpaka kiunoni. Mkubwa wao walimwita Komanda, ingawa kabla ya vita alikuwa akituuzia makaa. Alivaa firimbi shingoni. Ikilia mara moja, vijana wanasimama. Ikilia mara mbili, wanakuja na mapanga. Jumamosi walituma neno uani kwetu: Jumatatu asubuhi ni zamu yenu.

Spesioza alikuwa jirani yetu wa ukuta. Mumewe alikuwa ameuawa njiani miezi michache kabla, na yeye alikuwa bado ndani ya msiba, hapaki mafuta, havai cha rangi, sherehe ya kuondoa msiba ukoo haujaifanya. Jumapili asubuhi aliingia jikoni kwangu bila hodi.

"Mama Kaneza, una pombe ngapi?"

Unajua nilikuwa nikipika urwarwa, pombe ya ndizi, na watu walitoka mbali kuifuata. "Bidoni tatu," nikamwambia, madumu yamejaa mpaka shingoni.

"Na ile kali?"

"Chupa mbili. Nimezifukia."

"Zifukue. Na lile vazi lako la harusi, niazime."

"We Spesioza, una msiba!"

"Musiba utaningoja. Komanda hangoji mutu."

Nikamvisha mimi. Invutano yangu ya harusi, ile nyeupe yenye maua ya dhahabu, unayoiona mara moja kwa mwaka nikiianika. Mimi nilipoivaa nilifanana na dirisha lenye pazia. Yeye ilimteremka mwilini kama maji, akasimama pale kati ya masufuria, na jiko langu likaonekana chafu. Nikamfunga fundo begani, fundo la mama yangu: unasokota mara mbili, unapitisha ncha ndani, unaificha. Ukivuta ncha unayoiona, fundo linakaza. Lazima uijue ile ya ndani. Baba yako alihangaika nalo siku ya harusi yetu mpaka akaniita nimsaidie, masikini, na jasho lilikuwa linamtoka.

Huyo huyo baba yako alikuja akasimama mlangoni, akamtazama Spesioza, akanyamaza. Ukimya ule nilikaa nao kwa miaka. Hakuna tusi alilowahi kunitukana lililoniuma kama kunyamaza kule.

"Mwanamke aliyevaa hivi habebi bidoni," Spesioza akasema. "Nahitaji mutu wa kunibebea."

"Na mutu huyo ni mi?"

"Nani mwingine atakubaliwa kuonja?"

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Unajua desturi yetu. Hakuna mtu anayepokea pombe kabla aliyeipika hajaonja mbele yake, asije akawa ametiliwa sumu. Wakati wa amani ni adabu tu, unagusa kwa midomo, watu wanacheka, kikombe kinazunguka. Wakati wa vita kila mtu anautazama mkono wako. Spesioza angeweza kuvaa, angeweza kucheka, angeweza kusema maneno matamu. Lakini bila mimi kuonja, Komanda asingekunywa hata tone. Jambo hilo baba yako hakulisimulia kwenye ubatizo wowote.

Nikabeba. Bidoni kwenye toroli ya kusukuma kwa mkono, kikapu kichwani: ndizi za maharage, nyama kidogo, vikombe, na kisu changu cha mpini uliofungwa waya. Wewe ulikuwa chini ya kitanda na watoto wa jirani. Sikukuaga. Niliogopa kwamba nikikuona sitatoka.

Komanda alikuwa amekaa chini ya turubai pembeni ya daraja. Alipomwona alipiga ukelele. "Eh! Mjane! Musiba umekuchosha?"

"Woga ndio umenichosha," akajibu, na akacheka, Kaneza, akacheka kabisa. "Nimekuja kukuomba jambo, na kwetu mutu haombi mikono mitupu."

"Na huyu mwenye sura ya kilio ni nani?"

"Huyu? Huyu ni mpishi tu."

Mpishi tu. Nilijua ni maneno ya mchezo tuliokubaliana. Nilijua. Lakini yaliingia na hayakutoka.

Nikamimina, nikagusa kwa midomo. Komanda akanishika mkono. "Kuonja gani huko? Unalamba kama paka! Kunywa, mama. Nataka nione chini ya kikombe." Vijana wakapiga makofi. Nikanywa chote. Bidoni ya pili, kikombe kizima. Ya tatu, kikombe kizima. Kisha chupa ile kali, ambayo baba yako mwenyewe alikuwa anaichanganya na maji. Mimi nilikuwa napika pombe tangu usichana lakini sikuwahi kulewa hata siku moja; mama yangu alisema mpishi mlevi ni mpishi fukara. Spesioza alinitazama mara moja tu. Sijui jicho lile lilisema nisamehe au lilisema vumilia. Kisha akamgeuzia uso Komanda na kuendelea kucheka. Mvua ikaanza. Wakasogea ndani ya turubai. Mimi nikaketi pembeni karibu na kikapu changu, miguu ikilowa, na daraja likaanza kuzunguka.

Hapo ndipo ninapoishia. Kilichofuata mimi sikukiona. Nililala.

Baba yako aliniambia baadaye kwamba Komanda na watu wake walilala mmoja mmoja kama kuku, na kwamba aliwapitisha watu wote wa ua wetu darajani ndani ya mvua, watoto wamezibwa midomo. Akasema mlinipita nimelala kwenye matope na alikuziba macho kwa kiganja. Sijui kama kiganja chake kiliziba vizuri. Sijawahi kukuuliza.

Spesioza ndiye aliyebaki nyuma. Alichukua kisu changu kwenye kikapu akamwinamia Komanda shingoni. Wengine wanasema angemchinja, na wapo waliomlaumu kwa kutomchinja. Alikata kamba tu. Akatoka na firimbi, akaniamsha, nikashindwa kusimama. Basi akatupa mkono wangu begani mwake, akaweka kikapu kichwani mwake yeye, akanikokota. Naandika hili polepole ili ulione: siku ile, yeye ndiye aliyebeba kikapu mwishoni. Hata kwa hicho alinishinda.

Tulifika hapa Buyenzi jioni, kwenye ua wa Mzee Hamisi, fundi wa magari aliyewafungulia geti watu wa kila namna bila kuuliza majina. Nilikuwa nimetapika njiani mara mbili. Vigelegele vilianza tulipoingia. Ulikuwa umesimama juu ya matairi yake mabovu. Nilifungua mikono yote miwili. Ulishuka mbio, ukanipita, ukamkimbilia yeye. Na ulipokuwa umemshika kiunoni ukageuka ukanitazama, ukasema kwa ile sauti yako ya kengele, "Mama amelewa!"

Wote wakacheka. Walicheka kwa sababu walikuwa hai, leo naelewa. Baba yako alicheka mpaka akashika tumbo. Na Spesioza, firimbi shingoni, wewe mikononi, naye akacheka. Neno moja lingetosha. Angesema, "Mama yako amekunywa badala yetu." Hakusema. Labda alikuwa amechoka. Labda alidhani kila mtu anajua. Lakini tangu jioni ile kitu kilikaa kifuani mwangu, nikakiita jina lingine, nikakiita uchovu, nikakiita vita.

Sitakuambia uongo kwamba ulikosa. Ulikuwa na miaka saba na mimi nilikuwa nanuka. Nakueleza tu ulikotoka ukali wangu, maana umeishi nao bila kujua mama yake.

Jioni ile ile, nyuma ya pazia la gunia, Spesioza aliniomba nimvue invutano. Nilitia vidole begani pake. Fundo lilikuwa vile vile nilivyolifunga. Limelowa, limekaza, halijaguswa. Nilitumia meno kulifungua. Kumbuka hilo fundo, nitalirudia.

Wiki chache baadaye padri alisimulia kanisani habari ya Yudithi. Unaijua: mji umezingirwa, wazee wanataka kufungua malango, na mjane mmoja anavua msiba, anajipamba, anatoka na mjakazi wake aliyebeba mfuko wa chakula. Anakwenda kwenye kambi ya jemadari, jemadari analewa, naye anamkata kichwa, na kichwa kinaingia kwenye mfuko ule ule wa chakula, na wanarudi. Kanisa zima liligeuza shingo kumtazama Spesioza. Tulipotoka nje tayari alikuwa na jina. Yudithi wetu! Wanawake walimgusa nguo. Mama mmoja ambaye hata hakuwa Buterere alimwambia, "Tuonyeshe firimbi." Wewe ulikuwa umemshika mkono. Mimi nilibeba mwavuli.

Hapa Buyenzi jirani yetu alikuwa Mama Elisha, yule mlokole aliyeuza samaki wakavu. Nilimsimulia nikitaka anihurumie. Akakaza macho. "Yudithi? Yudithi gani? Hiyo ni ya kwenu Wakatoliki. Kwa Biblia yetu haiko."

"Haiko vipi?"

"Haiko! Tafuta mwenyewe."

Akanipa Biblia yake. Kusoma nilijifunzia katekesi, ukubwani, kwa hiyo nilikwenda kwa kidole, ukurasa ule wa mbele wenye majina ya vitabu. Ruthi yupo. Esta yupo. Nikarudia tena kutoka juu. Yudithi hayupo. Kaneza, sijui nikuambieje furaha niliyoipata. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa mvua imebomoa nyumba ya adui yake. Nikaipeleka habari kisimani, sokoni, kwenye chama cha akina mama. "Mnamwita Yudithi? Hata kwenye Biblia hayupo!" Niliisema kama utani. Watu walicheka kidogo, kisha wakaanza kufikiri, na hicho ndicho nilichokitaka. Maana ukishasema kwamba hadithi ya kale haina hakika, hata ya juzi inaanza kutikisika. Mmoja akauliza, "Kwani ndani ya turubai ilikuwaje?" Mwingine akasema, "Alivua musiba bila ukoo kumuruhusu, huyo." Mimi nilikuwa naosha mboga. Sikujibu. Niliosha mboga ile mpaka ikakosa rangi.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Nimezunguka vya kutosha.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, Dezideri, mjane naye, mtu wa taratibu, anafuta viatu kabla ya kuingia ndani. Alimpenda Spesioza. Alikuwa ameshatuma watu wa kusema neno kwa ukoo wake. Maneno ya kisimani yakamfikia. Akamwuliza Spesioza usoni: ndani ya turubai kulitokea nini? Na Spesioza, kwa kiburi chake kile cha mabega, akamjibu, "Mi sijitetei. Mama Kaneza alikuwepo. Nenda ukamuulize."

Alimtuma kwangu. Katika watu wote wa dunia alinichagua mimi niwe shahidi wake.

Dezideri alikuja adhuhuri, mimi napepeta mchele. Akakaa kwenye kigoda hiki hiki. "Mama Kaneza," akasema, "sitaki mambo mengi. Ulikuwepo. Niambie tu kitu kimoja, nimuoe na moyo mweupe."

Nilikuwa na fundo, mwanangu. Nilikuwa na jibu kwenye vidole vyangu na kwenye meno yangu. Ningemwambia: nililifunga mimi, nikalifungua mimi, na katikati hakuna aliyeligusa. Nafsi ya mtu ingepona kwa maneno kumi. Na ningeongeza kwamba hata kama lingekuwa limefunguliwa, ni nani kati yetu tuliopita daraja lile angekuwa na haki ya kuuliza? Lakini hili la pili nimelijua uzeeni. La kwanza nililijua siku ile ile.

Nikasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa mpishi tu." Na nikainamisha macho kwenye ungo.

Basi. Sikusema uongo hata mmoja. Ukinipeleka mbele ya hakimu hatapata neno la kunishika. Lakini macho yale niliyoyainamisha, nimeyainua mara ngapi tangu hapo, bado yako chini. Dezideri alisema asante, akafuta viatu vyake wakati wa kutoka pia, sijui kwa nini. Hakurudi kwa Spesioza.

Yeye alikuja siku ya tatu. Alisimama pale penye kamba ya nguo.

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

Nilitamani anipige. "Sawa," akasema. Neno hilo tu, sawa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amefunga vitu vyake kwenda Gitega kwa dada yake, na njia wakati ule ilikuwa ya kupigwa risasi kila bonde. Ulimlilia. Uliniuliza mbona Tantini anatuacha, nikakujibu, "Watu wazuri hawakai." Unakumbuka? Ulilishika jibu lile ukamchukia kidogo kwa muda, na mimi nikakuacha umchukie. Nilikula chakula vizuri wiki ile.

Aliondoka amekuachia firimbi. Ulilala nayo. Siku moja haikuonekana, ukapekua nyumba nzima, ukalia siku mbili, nikakuambia panya wameichukua. Panya gani mwanangu anayekula chuma? Niliichukua mimi. Nilitaka kuitupa chooni, nikashindwa. Nilisimama juu ya shimo, mkono haukufunguka. Imekaa kwenye kopo la chumvi, juu ya rafu, miaka yote hii. Ulikuwa ukinipa kopo hilo kila jioni.

Baba yako alipofariki nilimwomba padri Biblia yetu, ya Kikatoliki, nikajisomee mwenyewe. Yudithi yumo. Nilimsoma kwa kidole, siku nyingi, baada ya kazi. Lakini niseme kweli, sikuwa namtafuta yeye. Nilikuwa namtafuta yule mjakazi. Nilitaka jina lake. Ndiye aliyebeba mfuko wa chakula kwenda na mfuko wa kichwa kurudi, ndiye aliyesimama nje ya hema, nikasema lazima walau mahali pamoja wamemtaja. Hakuna. Nikarudia tena, labda nimeruka mstari. Hakuna. Nikamwonea uchungu kama ndugu yangu, na nikasema moyoni, huyu naye lazima aliinamisha macho siku fulani.

Kumbe sikuwa nimefika mwisho. Mwishoni wanasema Yudithi aliishi akazeeka, wengi walimtaka, hakuolewa tena. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Huyo wa kwenye kitabu labda alikataa mwenyewe. Wa kwetu nilimkatia mimi. Niliporudi kusoma, kesho yake, kulikuwa na mstari mmoja umebaki, mdogo tu: kabla hajafa, alimwacha mjakazi wake huru.

Nimeutembeza mstari huo kichwani tangu mwaka jana. Nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyenyimwa kitu, jina langu, sifa yangu, mtoto wangu aliyenipita mbio. Kumbe kamba inayonifunga nimeishika mwenyewe. Mtu akikuonea wivu, Kaneza, usimwogope sana, yeye mwenyewe hapati usingizi. Lakini siku utakayouona wako wewe mwenyewe, na utauona, utapita shuleni kwenu umevaa koti jeupe la muuguzi, useme mapema ukiwa bado mdogo. Nenda kwa mtu mwambie, "Nilikunywa na mimi. Mbona hukusema?" Labda atasema samahani. Mimi nilingoja aone mwenyewe. Niliingoja miaka kumi samahani ambayo sikuiomba, na ile niliyopaswa kuitoa nikaificha kwenye chumvi.

Sasa woga wangu nao uujue. Yeye anajua. Alijua siku ile penye kamba ya nguo. Na bado ameandika "mtoto wetu". Nimeligeuza neno hilo kama sarafu ya bandia, sijui ni msamaha au ni mtego. Mimi ningekuwa yeye, ningekutaka ili nichukue. Utalala kwake, atakupikia, atakusimulia habari zake, na siku moja utauliza mbona hukuolewa, Tantini? Niliona ni afadhali usikie kwangu. Hata hapa, unaona, wivu unachungulia: sitaki ayaseme yeye kwanza. Lakini safari hii nimeuacha uchungulie, na mkono umeendelea kuandika.

Barua hii nitaiweka juu kabisa ya kikapu. Usiisome mbele yangu. Isome ukishapita Bugarama, baridi ikikushika na abiria wakinunua karoti dirishani. Chini ya ndizi na unga kuna furushi. Ni invutano yangu, na ndani yake firimbi. Firimbi ni yako, uliilia. Lakini furushi nimelifunga kwa fundo la mama yangu, na wewe sijakufundisha, nilikuwa nasubiri harusi yako. Usihangaike nalo. Mpe yeye. Kama bado anakumbuka ncha ya ndani, atalifungua. Kama hakumbuki, mwambie Mama amesema lilikuwa vile vile. Limelowa, limekaza, halijaguswa. Mwambie nilimaanisha kumwambia Dezideri. Apana, usimwambie hivyo, si kweli, sikumaanisha. Mwambie nilijua, na nikanyamaza. Na invutano abaki nayo. Ilimkaa vizuri kuliko mimi, na sasa hata hilo nimeliandika.

Halafu muulize, kwa upole, ukiwa mmeshakula: Mama yangu ameachwa huru au bado?

Jibu lolote, uniandikie. Nitalisoma mara tatu.

Nasikia sauti yako kwenye uchochoro, unacheka na mabinti. Namaliza. Kesho kwenye kituo cha magari watakuja wengi kukuaga, Mama Elisha atalia kwa sauti, utashikwa huku na huku. Nina ombi moja na sitalirudia kwa mdomo. Aga wote kwanza. Mimi niache wa mwisho, na ukiniona nimefungua mikono, usinipite. Utanitambua. Nitakuwa yule aliyeshika kikapu.

Mama yako